Kopo Jipya Kila Asubuhi

6 Februari

Mdogo wangu Kuku,

Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu, na wale wawili wanaomchorea shangazi yao mwishoni mwa barua zako. Waambie picha ya tembo nimeibandika juu ya cherehani, ingawa nashuku ni ng'ombe. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Paa la jikoni limezibwa. Jirani yetu fundi viatu amepata mjukuu, na mtoto ana sauti ya babu yake, kwa hiyo mtaa mzima tunajua anaponyonya na anaponyimwa.

Nakuandikia kwa sababu simu nimeichoka. Ukipokea, mashine za kiwandani zinanguruma nyuma yako, na mimi nikipaza sauti Baba anadhani namgombeza.

Habari yenyewe ni ya bustani. Unakumbuka Baba alivyokuwa. Miaka thelathini na moja ametunza bustani ya shule na hajanunua mche hata mmoja. Kununua mche, alisema, ni kama kuoa kwa picha. Sasa kila asubuhi akishakunywa chai anachukua mbegu zake za bilinganya, anakwenda kwenye kitalu nyuma ya bafu, analainisha udongo, anapanda, anamwagilia. Vizuri kabisa, mikono haijasahau. Kesho yake yeye amesahau. Anaona udongo mtupu, anaufukua, anapanda upya. Mbegu ya bilinganya inataka siku kumi na mbili ndipo iote, na yeye hajaiachia hata mbili. Halafu anasimama pale na kopo mkononi anasema mbegu zake zimekufa zote, na analia. Nasimamisha cherehani, natoka, namfuta uso, namwambia zitaota. Ananiambia, "Asante, nesi."

Nesi ni mimi. Nadhani ni hii aproni yangu ya buluu ya kushonea. Nilimsahihisha mpaka nikaacha.

Wewe uliyepewa jina la Kuku kwa kumfukulia mbegu zake ili uone kama zimeota, ungecheka. Mimi kicheko kimeniishia. Nafikiria niende kwa yule bwana anayeuza miche pale njia panda, ninunue kumi na miwili iliyokwisha kuota, niichomeke kitaluni, Baba aamke aione. Angalau machozi yakauke. Unasemaje?

Hamjui mtu sasa, kwa hiyo usijisumbue kuuliza kama anakuulizia.

Dada yako

27 Februari

Dada, shikamoo.

Wifi yako anakusalimu sana. Mdogo ameng'oka jino la mbele na anataka ujue kwamba hakulia, jambo ambalo si kweli. Na yule ni tembo. Amekasirika siku mbili.

Kazini nimepandishwa, sasa ni msimamizi wa zamu ya alfajiri. Maana yake napewa lawama za watu wanane badala ya za mmoja. Natoka hapo saa nne asubuhi nikiwa na unga mpaka ndani ya masikio, nalala, naamka jua linaondoka. Siku zinapita hivyo tu. Barua yako ilikaa kwenye mfuko wa koti kwa siku nyingi kabla sijapata akili ya kuijibu, nisamehe.

Kuhusu miche: Dada, usinunue. Mzee yule ukimletea mche wa barabarani atajua kabla hajainama. Wewe mwenyewe umesema mikono haijasahau. Mwache apande, kupanda kwenyewe kunamfaa, si lazima kiote kitu. Ukimnunulia utakuwa umemwambia kwamba hana kazi tena.

Likizo yangu ilikuwa Machi. Nimemwachia mwenzangu, mkewe amejifungua. Na kama Baba hamjui mtu, nikija nitakaa tu kwenye kiti namtazama, wewe upate mgeni wa kumpikia juu ya mengine yote. Tuone mwezi wa saba.

Mnywesheni maji ya kutosha. Nasikia yanasaidia.

Mdogo wako

15 Machi

Kuku,

Marahaba. Mwambie mwenye jino kwamba shangazi yake anamwamini.

Mnywesheni, umeandika. Mnywesheni akina nani? Hapa tuko wangapi? Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu yuko mbali, ameketi, anaandika kwamba si lazima kiote kitu, na siye anayefuta yale machozi kila siku kabla ya saa tatu. Sare za shule za watu zimerundikana kitandani kwangu, nalala pembeni yake kama mpangaji.

Nilinunua. Nilichagua miche mizuri, yenye majani manne manne, nikaichomeka wakati Baba bado yuko kitandani, nikamwagilia, nikafagia nyayo zangu. Nikaketi jikoni nikisubiri furaha.

Alipofika kitaluni alisimama kidogo, akachuchumaa. Akachukua udongo wa kwenye shina, akausugua kwa vidole, akaunusa. Akaniambia, "Nesi, huu udongo si wa hapa." Kisha nikaona uso wake unabadilika. Kuku, alidhani ameiba. Alidhani amechukua miche ya watu usiku na amesahau. Akasema: "Mwalimu mkuu akijua atanifukuza kazi. Nina watoto wawili mimi."

Nilimwambia nimenunua. Hakusikia. Aliing'oa mmoja mmoja, taratibu, hakuna mzizi hata mmoja uliokatika, akaifunga kwenye gazeti lenye maji. Chai hakunywa. Akavaa koti lake la sherehe, lile lenye kifungo cha rangi nyingine, tukaenda mpaka njia panda, yeye mbele na kifurushi chake, mimi nyuma nimevaa aproni. Akamwambia yule bwana, "Ndugu yangu, nisamehe, nilipitiwa. Hesabu, iko yote." Yule bwana alinitazama, nikamkonyeza akubali. Akaihesabu yote kumi na miwili kwa sauti, akasema, "Imetimia, mzee, hakuna neno." Nimemwombea heri mtu yule tangu siku hiyo.

Tulirudi polepole. Njiani Baba aliniuliza kama nina watoto. Nikasema sina. Akasema, "Pole, nesi, bado una nguvu."

Sina nguvu. Nimechoka, Kuku. Nimechoka mpaka nikisikia mtu amecheka huko nje nasikia hasira. Sitaki ushauri wa maji.

Umekosea kuhusu likizo ya mwenzako. Mkewe si mzazi wa kwanza duniani.

Dada

2 Aprili

Dada, shikamoo, na pole.

Sijui nianzie wapi, basi nianze na watoto: wazima, wanakusalimu. Wifi yako amesoma barua yako, akaifunga, akanitazama, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwenzangu yule mkewe hakujifungua Machi. Mtoto wao ana miaka miwili. Nilimpa likizo yangu kwa sababu nilitafuta mtu wa kumpa. Dada, naogopa. Naogopa kupiga hodi pale mlangoni, Baba afungue, aniulize mimi ni nani. Wewe ulizoea taratibu. Mimi nitapigwa mara moja. Ndiyo hiyo sababu yote, na nimeona haya hata kuiandika.

Lakini nina jambo la maana kidogo, halihusu maji. Kiwandani kuna chumba cha joto ambamo unga uliokandwa unaumuka. Kanuni yake ni moja: trei ikishaingia haiguswi. Mtu akienda kuchungulia na kubonyezabonyeza, mkate unakufa. Basi tunafanya hivi: kila baada ya muda trei mpya inaingia kwa mlango huu, na ya zamani inatoka kwa mlango ule. Mtu anayesimama kwenye tanuri anapokea mkate mfululizo, hangoji kitu, ingawa kila mkate umengojewa saa nzima.

Mwondolee Baba kile kitalu. Mpe kopo. Apande kwenye kopo asubuhi, na akiingia ndani wewe lichukue ulifiche mahali penye mwanga. Kesho mpe kopo jingine. Hatakumbuka la jana, na mara hii kusahau kwake kutatusaidia. Siku ya kumi na mbili mwekee mlangoni kopo la kwanza. Kuanzia hapo kila asubuhi atapanda moja na kila asubuhi moja litaota.

Andika tarehe chini ya kila kopo. Wewe ndiye Katibu, Baba mwenyewe alikupa cheo hicho ukiwa darasa la pili, kwa lile daftari lako la siku za kupanda. Usichanganye.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, kwa wifi hasa. Mwambie avunje sahani moja kwa niaba yangu. Fundi viatu anaumwa mgongo, mjukuu ameota jino, makelele ni yale yale.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilitaka kwanza nione kama mwoka mikate anajua bustani.

Nilikusanya makopo mtaani: ya maziwa, ya rangi, ya mafuta ya kupikia. Nikayatoboa chini kwa msumari, nikaandika tarehe kwa kalamu ya kuwekea alama vitambaa. Kila asubuhi Baba alipanda lake, na akiingia ndani nililipeleka nyuma ya tangi la maji, kwenye jua la asubuhi. Machozi yalibaki yale yale siku hizo zote. Siku ya kumi na mbili nilikwenda kuchungulia: hakuna kitu. Ya kumi na tatu, hakuna. Nilikutukana, usiulize neno gani. Ya kumi na nne udongo ulikuwa umepasuka na shingo nyeupe tano zimeinama pale.

Nikaliweka mlangoni. Baba alitoka na chai yake, akaliona, akaweka kikombe chini bila kutazama, kikapinduka. Akapiga magoti, Kuku, yule mzee wa magoti mabovu. Akanusa udongo. "Wa hapa," akasema. "Nani kapanda?" Nikamwambia ni yeye. "Lini?" Nikageuza kopo nikamsomea tarehe. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka juzi. Ilibidi niingie ndani nijifanye natafuta sindano.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kopo moja linaota na kila asubuhi anashangaa upya. Halii. Naweza kushona mpaka saa sita. Nimelala kitandani kwangu katikati.

Sasa sikiliza, na ukae chini. Siku ile ya kwanza, akiwa bado amepiga magoti, alisema: "Mwite Kuku aje aone. Lakini asiguse."

Na si mara ya kwanza. Anakuulizia kila siku tangu Januari. Kuku ametoka shule? Kuku amekula? Jirani mmoja alituletea jike lake la kuku akidhani letu limepotea, kwa jinsi mzee alivyokuwa akiuliza mtaani. Zile bilinganya zote anapanda ili wewe ukija uzikute. Nilikuandikia kwamba hamjui mtu. Si kweli. Hanijui mimi.

Namwogesha, namkata kucha, namtafunia nyama fizi zikimwuma, na mimi ni nesi. Wewe una miaka sita hujakanyaga hapa na unaitwa kwa jina lako la utotoni. Niliona nikikuambia utakuja, atakufurahia, na mimi nitasimama pembeni na taulo. Huo ni wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili nisilizunguke. Na kumbe kwa uongo wangu nilikupa sababu ya kuogopa, ukaogopa kweli.

Njoo. Si kwa ajili yake tu.

Dada yako

14 Mei

Dada, shikamoo.

Nimesoma nikiwa nimesimama kwenye tanuri, na trei mbili zimeungua. Ilikuwa zamu yangu, kwa hiyo nimejilaumu mwenyewe kwa maandishi, kama utaratibu unavyotaka.

Nafika tarehe 26. Siku mbili unionyeshe dawa, sabuni, meza, makopo. Halafu wewe unakwenda kwa Mama Mdogo, unalala wiki mbili. Nimeshamwandikia, anatandika kitanda. Sare za watu zitangoja.

Sina hasira nawe. Huo ni uongo, ninayo kidogo. Itaisha njiani.

Kuku

8 Juni, nyumbani

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Mdogo. Namwomba asikupe kazi yoyote hata ukimwomba. Barua hii nampa mke wa fundi viatu, anakuja huko kesho, kwa hiyo itakufikia kabla hujafunga begi. Kwenye simu nisingeweza kuyasema haya, Baba anakaa karibu nami siku nzima.

Nimechoka vibaya. Nilidhani najua kuchoka. Kumwogesha peke yake kunanitoa jasho kuliko zamu mbili za tanuri, na jana alinifichia meno yake ya bandia ndani ya kiatu. Sitakupa tena ushauri wa aina yoyote.

Ulikuwepo nilipopiga hodi. Ulimsikia: "Karibu, bwana wa miche. Lakini leo sinunui." Uliuona uso wangu ukanyamaza, na nakushukuru. Basi, nimekuwa muuza miche. Kila asubuhi ananikaribisha, ananionea huruma kwa biashara yangu, ananifundisha kupanda ili niachane nayo. "Kina cha ukucha, si cha kidole. Na ukishafunika, mikono mfukoni." Nikasema, mzee, mikono mfukoni kwa siku ngapi? Akasema, "Una haraka wewe, kama mwanangu." Nikafurahi siku nzima kwa maneno hayo, mjinga mimi.

Siku ya tatu nilimwuliza ana watoto wangapi. Wawili, akasema. Wa kiume yuko shule, nesi amemwambia atatoka jioni.

"Na wa kike?"

Akaweka kopo chini. Nakuandikia kama alivyosema, sikuongeza neno.

"Huyo ndiye Katibu wangu. Yuko mbali sana. Kila siku namngoja, sijui nilimkosea nini."

Nikamwambia, "Kwa nini humwulizi nesi?"

Akatazama mlango kwanza, kama mtu mwenye siri. "Nesi ananitunza vizuri mno. Nikimwambia namtaka binti yangu, atadhani simtaki yeye. Mtu mwema kama yule humwumizi."

Dada, kwa hiyo kwako wewe alikuwa ananiulizia mimi, maana mimi ndiye anayeweza kutajwa mbele yako bila kukuumiza. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa humo kifuani siku zote. Ni mimi wa kusimama pembeni na taulo, na nimesimama, na wala si vibaya sana.

Tangu siku hiyo anazungumza habari zako kila asubuhi. Ulivyoliandika daftari. Ulivyomkatalia mwalimu kwamba mvua ilinyesha Jumatano kwa sababu daftari lako lilisema Alhamisi. Alivyokutwika begani ukiwa na homa mpaka zahanati, ukawa unamwambia apunguze mwendo.

Sasa kuna tatizo la kikazi. Siku ya kwanza nilitaka kuandika tarehe chini ya kopo kama ulivyoniagiza. Alinishika mkono. "Acha," akasema, "kuna mwenye kazi hiyo." Kila siku ananishika mkono. Kalamu imekaa siku kumi na moja bila kufunguliwa, na makopo yamechanganyika nyuma ya tangi, sijui la lini ni lipi. Kwa hiyo utaratibu wako wote umeharibika na ni lazima urudi.

Ila ukirudi, nakuomba jambo moja. Ile aproni ya buluu nimeifua nimeificha, usiiulize. Usipitie mlango wa jikoni kama ulivyozoea. Vaa gauni lako la kutokea, shika begi mkononi, ingia kwa mlango wa mbele kama mtu aliyetoka safari ndefu. Siwezi kukuahidi kitu. Mimi nami nilitoka safari ndefu, nikawa muuza miche. Lakini Alhamisi asubuhi nitamkalisha Baba barazani na makopo yote miguuni pake, na kalamu nitampa aishike yeye.

Usiingie tu. Piga hodi, useme jina lako la Katibu, halafu ungoje.

Kuku